Makofi Mlangoni

Nikiwa mbali na Kolwezi, na nimekuwa mbali zaidi kuliko nilivyokuwa karibu, kinachonirudia kwanza si mashimo ya shaba wala vumbi jekundu linalolala juu ya paa. Ni sauti ya viganja viwili vilivyokunjwa kama bakuli, vikigongana polepole mbele ya mlango uliofungwa. Si makofi ya furaha. Ni yale ya heshima, ambayo watu waliotoka kaskazini ya Katanga humpigia mkubwa kabla ya kumkaribia, goti moja likiwa chini. Nimeyasikia Kasumbalesa nikingoja malori yavuke mpaka. Nimeyasikia Solwezi, katika chumba cha kupanga, mvua ikianza juu ya bati. Kila mara niko kati ya kulala na kuamka, na kila mara najua ni mikono ya nani.

Sisi mtaani Dilala tulimwita Mama Monitrisi. Hilo ni jina la kazi. Kampuni ya zamani ya migodi ilikuwa na nyumba za mafunzo kwa wake wa wafanyakazi, mahali pa kujifunza kushona, kufuma, kuoka keki na kulea watoto, na mwanamke aliyefundisha huko aliitwa monitrisi. Yeye alifundisha kushona. Baadaye kampuni ikadhoofika, nyumba ya mafunzo ikafungwa, madirisha yake yakang'olewa usiku mmoja baada ya mwingine, lakini jina likabaki juu yake kama harufu ya sabuni inavyobaki kwenye shuka. Hata mumewe, alipokuwa hai, alimwita Monitrisi. Jina lake la ubatizo sikulisikia kamwe, wala sikulitafuta.

Nyumba yao na yetu zilikuwa pacha zenye ukuta mmoja kati. Nimemjua kwanza kwa masikio. Cherehani yake ilianza kabla ya jogoo kumaliza, ikatulia, ikaanza tena, na katikati ya kutulia kwake nilimsikia akizungumza na kitambaa. "Weye, nyoroka. Nani amekufundisha kujikunja vile?" Mtu asiyejua angedhani ana mtoto mtukutu mle ndani. Sindano yenye uzi ilikaa siku zote katika kitambaa chake cha kichwa, juu kidogo ya sikio la kushoto. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo misani. Akikutana na mtu njiani mwenye pindo lililofumuka, alimsimamisha hapo hapo, akainama, akashona, akakata uzi kwa meno, akaendelea na safari yake bila kuaga.

Kwa kushona hakuwa na mpinzani. Kwa kuchelewa pia. Watu wa leo wakisimulia alivyokuwa mkali juu ya kungojeshwa, husahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewangojesha nusu ya wanawake wa Dilala. Ulimpelekea kitenge kwa ajili ya Pasaka, ukavaa Noeli. Kulikuwa na bibi harusi mmoja aliyefunga ndoa na gauni la kuazima, na lake akalipata siku ya kubatiza mtoto wake wa kwanza. Alikuja kulichukua akiwa amenuna.

"Mama Monitrisi, kweli?"

"Usilie, mama. Nimeipanua kiuno. Kama ningemaliza wakati ule, leo isingekuingia."

Yule msichana alicheka kabla hajajua kama amesamehe.

Miaka hiyo, ukimwuliza nguo yako imefika wapi, alikujibu kwa sauti tamu, "Iko njiani, mama, iko karibu." Kumbe kitambaa bado kimekunjwa ndani ya kapu. Na alivyokuwa mwepesi wa kuwangojesha wengine, ndivyo alivyokuwa mwepesi wa kungoja. Sijaona mtu aliyejua kungoja kama yeye. Alikaa magoti yakiwa pamoja, mkoba juu ya magoti, viganja juu ya mkoba, uso ukiwa umelainika kama wa mtu anayesikiliza wimbo kutoka nyumba ya tatu. Kwenye benchi la hospitali, kwenye ofisi ya serikali ya komini, mbele ya bomba la maji, alikaa vile vile. Akiambiwa asubiri, alishukuru. Mama yangu, aliyekuwa rafiki yake, hilo lilimchoma. "Wanamwambia angojee, anashukuru kama mtu aliyepewa sukari," alisema.

Jicho lake la kuume lilizimika kwenye benchi kama hilo.

Hilo sikuliona, nililisimuliwa na mama yangu, na alilisimulia mara nyingi hata naona korido yenyewe, rangi ya kijani iliyobambuka chini ya dirisha, ndoo ya kupigia deki imesimama kwenye kona. Ilikuwa hospitali moja ya mjini, nisiitaje, kwa maana watu wake wamebadilika. Mama Monitrisi alikuwa anaumwa macho tangu mvua za kwanza. Kila alipokwenda, muuguzi wa mlangoni alitoa kichwa.

"Mama, mungojee kidogo."

"Aksanti, tata," alijibu, kama anavyoitwa mwanamume wa kuheshimiwa.

Halafu jioni: "Mama, munganga hawezi tena leo. Murudie wiki ingine."

"Aksanti sana, tata."

Akarudi wiki nyingine, na nyingine. Mvua zikapungua, barabara zikakauka, na yeye bado yuko kwenye benchi. Siku hiyo mama yangu alikuwa amemsindikiza. Walikuwa wamekaa muda mrefu. Mama Monitrisi akageuza kichwa taratibu kuelekea kuume, halafu akarudisha, halafu akauliza, "Mama, faze moja imekatika?"

Kwetu swali hilo ni la kila siku. Umeme unaingia katika nyumba zetu kwa nyaya zaidi ya moja, na mara kwa mara waya mmoja hufa. Hapo nusu ya nyumba inabaki gizani na nusu nyingine inawaka kama kawaida, na watu wanavuta waya mrefu kutoka sebuleni ili friji ya jikoni isilale. Ndiyo tunaita faze kukatika. Hakuna anayeshtuka. Unangoja tu irudi.

Mama yangu akatazama juu. Taa zote za korido zilikuwa zinawaka.

"Taa ziko zote, Mama Monitrisi."

"Hapana. Huku upande wa kuume imezima."

Na hata hapo hakusimama. Aliendelea kukaa, magoti pamoja, akingoja faze irudi. Mama yangu ndiye aliyesukuma mlango na kupiga kelele. Munganga wa macho wa wakati ule, mtu mzima aliyekwisha ondoka sasa, alimulika, akamulika tena, akasema, "Ungekuja mapema, mama."

Yeye akajibu, "Aksanti, tata munganga."

Siku zilizofuata nilikuwa nimerudi nyumbani kwa muda mfupi kutoka Tenke, ambako nilikuwa nikiuza nguo za mitumba karibu na stesheni. Nililala chumba changu cha zamani, kile chenye ukuta wa pamoja. Cherehani haikulia. Kwa siku kadhaa hakukuwa na chochote upande wa pili, hata kikohozi. Halafu asubuhi moja nikamsikia akisema neno moja tu, bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole: "Mapema." Halafu tena: "Mapema."

Mabadiliko yake hayakuja kwa siku moja. Watu hupenda kusimulia kwamba alitoka hospitali akiwa mtu mwingine, lakini si kweli. Alianza na vitu vidogo. Alianza na wateja wake. Ukienda kuulizia nguo, hakusema tena kwamba iko njiani. Alikutazama kwa jicho la kushoto, akisogeza kichwa chote kama ndege, akasema, "Sijaianza. Wiki hii sitaianza. Enda kwa mushonaji mwingine, ao ungojee, lakini ujue unangojea nini." La ajabu ni kwamba wengi walibaki. Nguo zilichelewa vile vile, ila ugomvi ukapungua.

Halafu ilikuwa harusi moja katika ukumbi karibu na soko. Mnajua harusi zetu. Mwaliko unasema saa kumi, maharusi wanaingia giza likishakuwa nene, na wageni wanakaa na soda moja iliyopoteza gesi. Mama Monitrisi alikaa, akakaa, halafu akainuka na gauni lake la kitenge, akavuka ukumbi mtupu katikati, akafika kwenye mlango wa chumba ambamo maharusi walikuwa wanapigwa picha. Akashusha goti moja. Akakunja viganja. Akaanza kupiga, polepole.

Hakuna aliyemfukuza. Utamfukuzaje mtu anayekuheshimu? Mwanamke wa umri wake, amepiga goti, anapiga mikono kama mbele ya chifu. Mpiga picha alitoka, akarudi ndani, akatoka tena. Maharusi wakaja wakikimbia, bwana harusi tai yake mkononi, na bibi harusi akapiga goti naye mbele yake, kwa aibu, shela ikiburura vumbi.

Mama yangu alimwambia wakati wa kurudi, "Monitrisi, umekuwa mugumu."

"Sijakuwa mugumu. Nimekuwa muzee. Siku zenye zinabaki ni zangu, haziko za benchi."

"Basi si ungewaita tu?"

"Sijuake kugombana, mama. Nikipandisha sauti inakufia mu shingo. Lakini heshima, ile ninaijua."

Hilo ndilo nililokuja kulielewa polepole, nikiwa barabarani, ambako mtu ana nafasi ya kuwaza. Hakubadilika tabia hata kidogo. Aliuchukua upole wake wote, ule ule uliompotezea jicho, akauelekeza mlangoni. Alipiga mikono kwenye ofisi ya komini. Alipiga mikono nje ya sakristia, padri alipochelewa kuungamisha, na padri akatoka na kipande cha mkate mkononi. Mafundi wa umeme walioahidi kuja asubuhi na hawakuja, aliwafuata hadi kwenye gari lao lililoegeshwa chini ya kivuli, akapiga goti karibu na gurudumu. Watoto wa mtaa walianza kumwiga. Wakicheza, mmoja alikuwa mlango.

Na bado alikuwa na kitu kimoja alichokingoja kwa raha, na hicho kilitushinda wote.

Mchana, kazi ikiwa imelala, alivaa kitenge kizuri, akajipaka mafuta miguuni, akaenda stesheni. Gari-moshi linalotoka kaskazini hupita Tenke, pale njia zinapoachana, ndipo lije Kolwezi. Linaleta samaki wakavu, mafuta ya mawese, mabibi wenye mafurushi, habari za watu. Linafika siku linapofika. Mama Monitrisi alikaa kwenye ukingo wa saruji, miguu imening'inia kama ya msichana, akitazama mahali reli mbili zinapokuwa moja kwa mbali. Hakuwa akimngoja mtu. Nilimwuliza siku moja, nilipompitia na pikipiki ya kukodi.

"Mama, munangojea nani?"

"Paka treni. Treni tu."

"Lakini haijulikani kama leo itafika."

"Njo vile."

"Hospitali hamutaki kungojea hata kidogo. Hapa munakaa mchana wote."

Akacheka, akanisogezea mkoba nikae. "Weye mutembezi, na haujui ile? Treni inachelewa juu ya nini? Juu iko njiani. Pengine iko inapanda mulima. Pengine imesimama, ng'ombe iko juu ya reli. Inatembea kuya kwangu. Munganga yee anachelewa na iko nyuma ya mulango. Mi ninasikia hata kiti yake inalia."

Nilikaa naye. Jua lilikuwa limelala juu ya reli, joto likicheza, na milima ya mchanga wa migodi kwa mbali ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sijui tulikaa kiasi gani. Mimi ni mtu nisiyetulia, kila mji nikiufikia naanza kuutafuta mwingine, lakini mchana ule nilitulia. Gari-moshi halikuja. Tulirudi nyumbani bila uchungu, kama watu waliotoka kulipokea.

Sasa nisimulie siku ya makofi ya hospitali, kwa maana nilikuwapo.

Jicho lake la kushoto lilianza kufanya kama la kuume lilivyofanya. Kuzunguka taa aliona maduara yenye rangi. Uzi ulianza kumkwepa tundu la sindano. Hakuficha. Alimwita mama yangu kupitia ukuta, akasema kwa sauti iliyonyooka, "Jicho ya kwanza nilibapatia batu ba hospitali. Hii ya pili ni yangu." Magoti ya mama yangu yalikuwa mabaya wakati huo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza.

Korido ilikuwa ile ile. Munganga alikuwa mpya, kijana aliyetoka Kinshasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinajifunza kutembea. Tuliambiwa tufike asubuhi na mapema. Tulifika. Benchi lilijaa. Jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine, na mlango haukufunguka. Karibu nasi alikaa kijana mchimbaji kutoka Musonoi, kitambaa kimefungwa juu ya jicho, kucha bado na ukijani wa mawe. Upande wa pili, mwanamke aliyetoka Tenke na mtoto mgongoni.

"Munganga iko?" Mama Monitrisi alimwuliza muuguzi.

"Iko, mama. Mungojee."

"Iko inafanya nini?"

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa siri ya nchi. "Mama, mungojee tu."

Aliposikia hivyo akaniachia mkoba. Akavuka korido, akashusha goti moja mbele ya mlango, kwa shida, mkono ukutani. Viganja vikakutana.

"Mama, hapa haiko kanisa!" muuguzi alisema.

"Njo vile, tata. Kanisani padri alishafika."

Benchi lote likacheka chinichini. Muuguzi akasogea, akasita, akarudi. Makofi yakaendelea, hayakuongezeka wala kupungua. Halafu yule mchimbaji akainuka. "Mama, musijichokeshe peke yenu," akasema, akapiga goti nyuma yake, mikono yake mikubwa ikatoa sauti nzito ya chini. Mwanamke wa Tenke akafuata, mtoto akichungulia juu ya bega. Halafu mzee wa fimbo. Halafu sote. Mimi pia. Ukiwa ndani ya sauti ile husikii mikono yako. Ilikuwa kama mvua iliyoamua kunyesha ndani ya nyumba, polepole, bila radi. Macho mengi mle ndani yalikuwa yamefungwa kwa bandeji au kwa maumivu, na nyuso zote zilikuwa zimeelekea mlango mmoja.

Mlango ukafunguka. Yule kijana alisimama, koti jeupe limefunguliwa vifungo, akatutazama tulivyojaa chini. Kwao, inaonekana, mikono hupigwa kwa furaha tu. Uso wake ukafunguka kwa tabasamu kubwa, na akaanza kupiga makofi pamoja nasi! Kwa nguvu, kama uwanjani.

"Ah! Vizuri! Ni siku ya kuzaliwa ya nani?"

Halafu mchimbaji wa Musonoi akasema, "Ni ya weye, tata munganga. Tulizani haujazaliwa."

Kicheko kilichotoka kilitikisa madirisha. Kijana naye alicheka bila kujua kwa nini, halafu akajua, akaacha. Mama Monitrisi hakucheka. Alikuwa bado chini.

"Tata munganga, hatuko na sikukuu. Tuko tunakusalimia. Ku kwetu mukubwa anapigiwa mikono, na yeye anaitika. Anasema ingia. Ao anasema ngojea, niko na kazi hii. Lakini anaitika."

Kijana alitazama mikono yake. Kulikuwa na mafuta kwenye vidole. "Nilikuwa ninakula, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Usiku wote nilikuwa na wagonjwa wa mwenzangu. Sikula tangu jana."

Kitu kililegea katika mabega ya Mama Monitrisi.

"Kula, mutoto yangu. Na njaa hautaona jicho ya mutu. Lakini ungetuambia. Mutu anakula, tutamungojea. Mulango peke yake, hatuwezi kuingojea."

Kijana akarudi ndani, na hakufunga. Akakaa mezani, akamalizia bukari yake, ndio ugali wa kwetu, na mboga mbele yetu sote, mlango wazi, akiinamisha kichwa kwa haya. Tulirudi kwenye benchi tukangoja, na hakuna aliyelalamika. "Polepole," Mama Monitrisi alimwambia kutoka koridoni, "utajikaba." Yule muuguzi akamletea kikombe cha maji.

Alipokwisha kunawa, alimwita yeye kwanza. Nilidhani atampisha mwenye mtoto. Wengi tulidhani hivyo, na mwanamke wa Tenke alikuwa amekwisha kuinuka. Mama Monitrisi hakumpisha. "Mi niko na moja tu," alisema, akaingia.

Jicho lile lilikuwa na shinikizo kama lililomaliza la kuume. Munganga alimpa dawa ya matone, akamwambia atahitaji kupasuliwa, naye ndiye atakayepasua. Alimpa siku. Kabla ya kutoka, Mama Monitrisi alimwuliza, "Ile siku, utakuwa njiani ao utakuwa nyuma ya mulango?" Kijana hakuelewa. Akanitazama mimi. Nami nikampa Mama mkoba wake.

Siku hiyo ilipofika nilikuwa nimeondoka. Kulikuwa na lori la kwenda kusini, na dereva aliyehitaji mwenzake. Nimeishi hivyo. Mama yangu alihamia kwa dada yangu Likasi, nyumba yetu wakaingia watu wengine, na ukuta ule haukuwa tena na sikio langu upande wa pili.

Miaka ikapita na habari zikawa chache. Majuzi tu, tukitokea Likasi na mzigo wa chokaa ya viwandani, tulisimama Tenke kunywa chai. Muuza chai alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, na nikamwuliza kama kuna anayejua habari za Mama Monitrisi wa Dilala.

"Ule mama kipofu wa makofi?"

"Kipofu? Nani amesema?"

"Mi nasikia vile. Batu banasema."

Nikaiacha chai. Kutoka Tenke hadi Kolwezi nilitazama barabara bila kuiona. Dereva aliniambia mambo, nikaitika. Niliwaza kwamba alikwenda siku aliyopewa, akakaa kwenye benchi, akapiga mikono, na safari hii hakuna aliyetoka. Niliwaza cherehani chini ya kitambaa. Nilimwomba dereva tupite Dilala kidogo. Alinung'unika, maana tulikuwa tunangojwa kiwandani, lakini akapita. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani, kijana nisiyemjua aliyekuwa akiosha pikipiki, akaelekeza kwa kidevu.

"Mama? Iko ku stesheni."

Lori lilisimama kando ya barabara, injini ikinguruma. Nilitembea peke yangu kuelekea ukingo wa saruji. Alikuwa pale pale, miguu inaning'inia, kitenge kizuri, mafuta miguuni. Alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Uso wake ulielekea mahali reli zinapokutana, na haukutikisika.

Nilikuja kwa upande wa kuume, upande uliozimika zamani. Nilifika karibu sana, kivuli changu kikaanguka juu ya mapaja yake. Hakugeuka. Sikutaka kumshtua kwa sauti, sikujua hata niseme mimi ni nani. Basi nikashusha goti kwenye kokoto, nikakunja viganja, nikapiga, polepole.

Alisikiliza. Halafu kichwa chote kikazunguka, taratibu, kama cha ndege, mpaka jicho la kushoto likanifikia. Likapanda kutoka kwenye viatu vyangu hadi kifuani, likasimama hapo.

"Weye mutembezi," akasema. "Kifungo yako iko wapi?"

Nilishika shati. Kifungo cha tatu hakikuwapo. Sikuwa nimejua.

"Mama, munaona!"

"Ninaona kifungo. Sura yako bado, ikuye karibu." Akacheka. "Banakuambia mi ni kipofu? Ni mi nasemaka vile ku soko. Banapunguza bei. Ule munganga yee alikuwa njiani, akapasua ile siku."

Nilikaa karibu naye. Alitafuta ndani ya mkoba, akatoa kifungo ambacho hakikufanana na vingine, kikubwa, cha bluu. Mkono ukapanda juu ya sikio la kushoto, ukachomoa sindano. Haikuwa na uzi. Akavuta uzi kutoka kwenye pindo la kitenge chake, akaulamba, akaupeleka kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akaulamba tena. Ukapita pembeni. Barabarani lori likapiga honi.

"Leteni, Mama, nitaingiza mimi."

Akanichapa mkono, si kwa utani. Jicho lake halikutoka kwenye sindano. Lilikuwa na ukungu kidogo pembezoni, lakini katikati lilikuwa jeusi na lenye maji, linafanya kazi.

"Ngojea," akasema. "Niko njiani."

Nikangoja. Honi ikalia tena, ndefu, ya hasira, na mwili wangu wote, uliozoea kuruka ukiitwa, ukataka kuinuka. Nikageuka nikapiga kelele kwa dereva, nikamwambia kama ilivyo, kwa sauti iliyovuka reli zote:

"Ungojee! Tuko tunashona kifungo!"

Halafu nikasikia injini ikizimwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kipana hadi Tenke. Mama Monitrisi alilamba uzi, akakaza jicho, akausogeza taratibu, na mimi nikakaa kifua mbele, nikiutazama ukija.